Ukizima Indeksi ya Windows Lappy Itapumua, Lakini Kuna Siku Utasaka Faili Uambiwe Haiko

Jumamosi moja saa tisa na nusu mchana, msee aliingia kwa saiba ya siz yangu huko Umoja akihema ka amekimbizwa na kanjo. Kulikuwa na kazi ya stoo imetangazwa, maombi yanafungwa saa kumi kamili, na CV yake ilichapwa hapo hapo miezi mitatu iliyopita. Alitaka vitu tatu tu: CV itolewe, namba ya simu ibadilishwe, itumwe kwa email. Alipe, aishie.

Siz yangu hajawahi kushikilia majina ya faili. Saiba ya mtaa inakuwanga na faili elfu kadhaa, na nusu yake zinaitwa "CV mpya", "CV mpya 2" na "final final". Yeye huandika jina la mteja kwa kile kiboksi cha kutafuta, Windows inaangalia ndani ya faili, CV inatokea. Amefanya hivyo miaka mingi. Siku hiyo akaandika jina la pili la huyo msee, akangoja, kioo kikamjibu "No items match your search". Akajaribu namba ya kitambulisho. Zii. Jina la shule ya upili. Zii.

"Ni hapa kweli ulichapiwa?"

"Siz, ni wewe ulinichapia. Hata uliniambia bro yako alisoma shule moja na mimi."

CV ikachapwa upya mbio mbio kutoka kichwani mwake, tarehe zingine za kukisia. Email ilitoka saa kumi na dakika ishirini. Huyo msee hakuwahi kuitwa. Kama ni kuchelewa ama ni ushindani, hakuna mwenye anajua.

Jioni nikapitia hapo. CV ilikuwa ndani ya mashine muda wote, kwa folda ya Documents, imeitwa "new new 7". Haikufutwa, haikuliwa na virusi. Wiki mbili kabla ya hapo siz alikuwa amepeleka kompyuta kwa fundi fulani wa tao ju imekuwa konokono, na fundi akazima kitu inaitwa Windows Search, akachukua thao yake, hakusema neno. Kweli mashine ilirudi ikiwa nyepesi kiasi. Chenye hakuna mtu alimwambia siz ni kwamba kuanzia hiyo siku, kiboksi cha kutafuta kilikuwa kinasoma majina ya faili peke yake, ndani hakiingii.

Ukienda YouTube, kila video ya kufanya kompyuta ikimbie itakuonyesha venye hii kitu inazimwa. Ni sekunde ishirini. Zenye zinafuata baadaye ndizo hazisemwangi, na ndizo ziko hapa.

Soja wa geti

Fikiria flati kubwa huko Pipeline, milango mia mbili, na umetumwa kwa fundi wa cherehani mwenye hujui anakaa wapi. Ukipata soja kwa geti, ako na kitabu: majina ya wapangaji, kazi zao, mlango. Anakuambia "C12" hata kabla umalize swali. Soja akikosa, unapanda ngazi ukisoma milango, na mlango umeandikwa namba basi. Unaweza kupita mbele ya huyo fundi mara tatu na urudi useme hakai hapa.

Indeksi ndio hicho kitabu. Windows inapitia faili zako ukiwa unafanya mambo yako, inaandika jina la kila moja, tarehe, aina, na kwa faili za maandishi ka Word na PDF inaandika pia maneno yaliyo ndani. Ukitafuta kitu haifungui faili hata moja. Inafungua kitabu. Hiyo ndio sababu jibu linakuja mara moja.

Soja mwenyewe anaitwa Windows Search. Kwa sura tunayoijua aliingia na Windows Vista mwaka wa 2007. Kabla yake kulikuwa na mzee mwingine kwa jina Indexing Service. Kwa Task Manager utamwona ka "Microsoft Windows Search Indexer", na faili yake ni SearchIndexer.exe. Ako na wasaidizi wawili wenye huja na kupotea: SearchProtocolHost.exe, mwenye huenda kufikia faili ilipo, na SearchFilterHost.exe, mwenye huifungua na kutoa maneno. Kitabu kinawekwa hapa: C:\ProgramData\Microsoft\Search\Data\Applications\Windows. Kwa Windows 10 kinaitwa Windows.edb, kwa Windows 11 utapata Windows.db.

Kwa mpangilio wa kawaida soja hazunguki diski nzima. Anashughulika na folda zako ka Documents, Pictures, Music na Desktop, pamoja na menyu ya Start na barua za Outlook ka unaitumia. Kumbuka pia kwamba PDF yenye ni picha tu, ile umeskani kitambulisho ama cheti, haina maneno ya kusomwa. Hiyo indeksi haikusaidii hata ikiwa imewaka, so hizo zipe majina ya maana tangu mwanzo.

Inakula mashine ama ni stori za jaba?

Inategemea mashine yako. Kuandika indeksi ni kusoma faili nyingi ndogo ndogo kutoka kila pembe ya diski. HDD, ile diski ya kuzunguka yenye bado iko kwa kompyuta nyingi za mtumba, inasoma kwa mkono mmoja wenye lazima uhame kutoka hapa uende pale. Ukiupa kazi ya indeksi wakati Chrome pia inataka kitu, wote wanapanga laini. Hapo ndipo safu ya Disk kwa Task Manager inagonga 100% na kipanya kinatembea ka kimekunywa. SSD haina mkono wa kungojwa. Kwa mashine yenye SSD na RAM ya kutosha, unaweza maliza mwaka bila kujua kama indeksi iko.

Ile stori ya kwamba indeksi inaua SSD kwa kuandika sana, wacha ibaki zile enzi SSD zilikuwa mpya na watu wanaziogopa. Brauza, masasisho ya Windows na filamu unazopakua ndizo zinaandika mzigo wa maana.

Halafu kuna suala la wakati. Windows ikiwa imewekwa juzi, ama umemwaga faili za flashi nzima kwa Documents, indeksi inaanza kitabu ukurasa wa kwanza. Hiyo inaweza kuchukua masaa. Baadaye inaandika tu kilichobadilika, na imetengenezwa ijue adabu: ukishika kibodi inapunguza mwendo, ukiacha mashine inaongeza. Wasee wengi huizima siku ya pili ya Windows mpya, yaani siku yenye ilikuwa karibu kumaliza kazi na kutulia.

Mahali iko na shida ya ukweli ni kwa watu wenye faili nyingi kupita kiasi. Microsoft wenyewe wanasema vitu vilivyo kwa indeksi vikipita 400,000 unaweza kuanza kuhisi uzito, na vikipita milioni 1 indeksi inaweza kushindwa kazi. Ukubwa wa kitabu kwa kawaida unakaa chini ya asilimia 10 ya faili zilizosomwa, lakini ukiwa na faili ndogo ndogo nyingi kinavimba kuliko hiyo. Sasa wewe mwenye unajifunza kuandika programu na umeweka miradi yako yote kwa Documents, cheki ile folda ya node_modules. Mradi mmoja tu unaweza kubeba makumi ya maelfu ya vifaili vyenye hutawahi kutafuta maishani. Ukiwa na miradi kumi, indeksi yako ni jalala.

Angalia mshukiwa kabla umshike

Hapa ndipo fundi wa siz alikosea, na ndipo wengi wanakosea. Mashine ikiwa slow, indeksi inashikwa kwanza ju jina lake linajulikana.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager ifunguke, halafu bonyeza kichwa cha safu ya Disk ndio mwenye anakula zaidi apande juu. Ukipata "Antimalware Service Executable", huyo ni Windows Defender anakagua faili, hana uhusiano na indeksi. "Service Host: SysMain" ni ile ya zamani iliitwa Superfetch, inapakia programu mapema kwa RAM. Kunaweza kuwa na masasisho yanashuka. Inaweza kuwa Chrome yako na tabo arobaini kwa RAM ya 4GB, mpaka Windows inaazima nafasi kwa diski. Angalia mara tatu kwa siku: ukiwasha, baada ya saa moja ya kazi, na jioni. Kama "Microsoft Windows Search Indexer" haiko kwa wale watatu wa juu mara zote hizo, kuizima hakutakupea chochote isipokuwa hasara.

Kisha uone indeksi iko hatua gani. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika control srchadmin.dll, ubonyeze Enter. Dirisha la Indexing Options litakuambia ni vitu vingapi vimeandikwa na kama kazi imeisha. Likisema "Indexing complete", soja amekaa chini anakunywa chai. Mwenye anakusumbua ni mwingine.

Kwa mashine ya siz nilipata antivirus mbili zimewekwa pamoja, kila moja inamkagua mwenzake. Ile wepesi fundi alileta ilitoka zaidi kwa kuifagia na kuirestart.

Venye inazimwa

Umeangalia, umehakikisha, bado unataka. Sawa. Usianze na kuizima daima. Anza na jaribio la siku moja.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc, Enter. Kwa ile orodha ndefu shuka mpaka Windows Search. Bonyeza kulia, chagua Stop. Hiyo inaisimamisha kwa sasa. Ukizima mashine na kuiwasha kawaida inarudi yenyewe. Fanya kazi yako ya kawaida hiyo siku. Mashine ikiwa haijabadilika, umepata jibu bila kuharibu kitu.

Ikiwa imebadilika vizuri na bado unataka, rudi hapo, bonyeza Windows Search mara mbili, kwa Startup type weka Disabled, Apply, Stop, halafu OK. Wenye wanapenda kuandika wanafungua Command Prompt ka admini na kuandika sc stop WSearch, kisha sc config WSearch start= disabled. Hiyo nafasi baada ya alama ya = iache hivyo. Na kama kompyuta ni ya ofisi, usiguse. Ongea na watu wa IT, ju kuna siku mtu wa akaunti atatafuta email ya mteja na jina lako ndio litatajwa.

Kuna njia nyingine ya kuzima diski moja moja: kwa This PC bonyeza kulia diski, Properties, halafu utoe alama kwa "Allow files on this drive to have contents indexed in addition to file properties". Jiandae, ju Windows inapitia faili moja moja kubadilisha alama yake, na kwa HDD iliyojaa unaweza kupika ugali na sukuma na ule kabla imalize. Ikikuletea makosa kuhusu faili za mfumo, bonyeza Ignore All uendelee. Hii njia naona inafaa kwa diski ya pili yenye umejaza filamu na mikisi, ile hakuna maandishi ya kutafutwa.

Jambo moja watu husahau: kuzima soja hakuchomi kitabu chake. Ile faili ya Windows.edb ama Windows.db inabaki, na ndani yake mna maneno kutoka kwa hati zako. Ukiuza lappy, kuzima indeksi si kufuta.

Zenye zitakupata

Ya kwanza ni ile ya siz, na ndio mbaya kuliko zote. Mahali hakuna indeksi, File Explorer kwa mpangilio wake wa kawaida inatafuta jina la faili, haifungui ndani. Haikuambii hivyo kwa sauti. Unaweza kuona kajistari kadogo kwa juu kanasema utafutaji utakuwa polepole ju indeksi haijawaka, lakini nani husoma hiyo? Jibu linalokuja mwishoni ni lile lile la siku zote, kwamba hakuna kitu kinacholingana. Mtu anasoma hapo "faili haiko". Maana yake halisi ni "hakuna faili yenye hilo neno kwa jina". Hizo ni sentensi mbili tofauti, na katikati yake ndipo CV za watu, thesis na risiti za rent zinapotelea. Nimejua komredi mwenye aliandika sura nzima ya mradi wake upya, halafu ya kwanza akaipata wiki ya kugradueti.

Unaweza kulazimisha ifungue ndani. Kwa File Explorer ingia Options (Windows 10 iko kwa View, Windows 11 bonyeza zile nukta tatu juu), nenda tabo ya Search, weka alama kwa "Always search file names and contents". Sasa itaenda mlango kwa mlango ikibisha. Microsoft wameandika hapo hapo kando yake kwamba inaweza kuchukua dakika kadhaa, na kwa HDD yenye faili elfu kadhaa usitarajie huruma. Ile diski ulitaka kuipumzisha kwa kuzima indeksi, sasa unaichapisha kazi yote upya kila mara unatafuta kitu. Kama unatafuta mara kumi kwa siku, umepiga hesabu mbaya.

Ya pili ni menyu ya Start. Programu nyingi bado zitatokea ukiandika jina lake, lakini faili zako mwenyewe zinapungua ama hazitokei kabisa, na Windows inaweza kukukumbusha kwamba indeksi imezimwa. Watu wenye wamezoea kubonyeza kitufe cha Windows, kuandika herufi tatu na kufungua hati, hao wataumia kila siku kidogo kidogo.

Tatu, Outlook. Ile ya kawaida ya kuweka kwa kompyuta, sio ile mpya yenye iko ka tovuti, hutegemea Windows Search kutafuta barua zilizohifadhiwa kwa mashine, hasa za IMAP na zile faili za PST. Ukizima, inarudi kwa njia yake ya pole na majibu yanaweza kukosa barua zenye unajua ziko. Hii nayo inachoma, ju email ndio mahali mtu hutafuta barua ya interview, namba ya oda, ama ahadi ya bosi kwamba mshahara utaongezwa. OneNote ya kompyuta pia inategemea hiyo indeksi kutafuta kwa madaftari.

Halafu kuna vidogo vidogo. Kutafuta picha kwa tagi, nyimbo kwa jina la msanii, ama hati kwa jina la mwandishi kunakuwa kuzito. Zile Libraries, folda za kukusanya vitu kutoka sehemu tofauti, zinapoteza baadhi ya njia zake za kupanga.

Na kuna vitu havibadiliki hata kidogo, na watu huzima indeksi wakivitarajia. Intaneti yako haitaongezeka kasi. Gemu yenye inakwama ju ya kadi ya michoro itaendelea kukwama. Yale matokeo ya Bing yenye hujipenyeza kwa menyu ya Start hayatoki, ju hayo ni mambo ya mtandao na swichi yake ni tofauti. Na ka ulikuwa unazima ju unaogopa faili zako zinatumwa mahali, indeksi yenyewe inaandikwa na kukaa kwa mashine yako.

Njia ya kati

Mimi kwa maoni yangu, kwa mashine nyingi jibu ni kumpunguzia soja kazi, sio kumfuta. Fungua tena Indexing Options, bonyeza Modify, na utoe alama kwa folda zenye huna haja nazo: Downloads yenye imejaa filamu, folda ya miradi ya programu, mafolda ya gemu. Bakisha Documents na Desktop. Kwa Advanced, tabo ya File Types, unaweza kuchagua aina fulani ya faili isomwe jina na tarehe tu bila kuingiwa ndani. Ka una faili elfu hamsini za aina moja zenye hutafutangi maneno ndani yake, hiyo pekee inashusha mzigo.

Kwa Windows 10 kuanzia toleo la 1903 la mwaka wa 2019, kuna pia chaguo la Classic na Enhanced kwa Settings, upande wa Search, Searching Windows. Kwa Windows 11 nyingi liko ndani ya Privacy & security. Classic inasoma zile folda zako za kawaida. Enhanced inasoma kompyuta nzima. Ukipata yako iko kwa Enhanced na mashine ni ya HDD, hapo umepata mchawi, rudisha Classic. Hapo hapo kuna sehemu ya kuongeza folda za kurukwa, na kwa Windows 11 swichi ya kuifanya indeksi iheshimu hali ya betri, inafaa kwa wenye wanafanyia kazi kwa mathree.

Na ikiwa wewe unajua majina ya faili zako na hutafutangi maneno ya ndani, kuna programu ya bure inaitwa Everything, ya voidtools. Yenyewe inasoma orodha kuu ya faili yenye diski ya NTFS huwa nayo tayari, so haizunguki folda moja moja, na inakuletea jina kabla umalize kuandika. Ni nyepesi sana. Lakini nimesema jina. Ukiiweka ukidhani itakuletea CV kwa namba ya kitambulisho, utarudi palepale.

Wa Mac, yenu inaitwa Spotlight, ilikuja mwaka wa 2005 na Mac OS X Tiger. Ukiona mds_stores ama mdworker inakula mashine, ni yeye. Inazimwa kwa Terminal na sudo mdutil -a -i off, na inarudi ukibadilisha off iwe on. Madhara ni yale yale: Finder na Mail zinapofuka. Afadhali uongeze folda nzito kwa sehemu ya Privacy ya Spotlight, uiache ipumue.

Kurudisha

Ukiwa tayari umezima na sasa unajuta, si mwisho wa dunia. Rudi services.msc, Windows Search, Startup type weka Automatic (Delayed Start), Apply, halafu Start. Kwa Command Prompt ni sc config WSearch start= delayed-auto, kisha sc start WSearch. Ka ulitoa ile alama ya diski pia, irudishe, la sivyo soja atarudi kazini na apate mlango umefungwa. Majina atasoma, ndani hataingia. Wengi hurudisha huduma na kusahau hiyo alama, halafu wanashangaa.

Majibu yakiendelea kukosa vitu, ama kitabu kimevimba mpaka gigabaiti nyingi, ingia Indexing Options, Advanced, ubonyeze Rebuild. Inafuta kitabu na kuanza upya. Faili zako haziguswi. Fanya usiku, mashine ikiwa kwa stima na isilale, ju ikifanywa mchana saiba ikiwa imejaa utaomba msamaha kwa kila mteja. Wakati inaandika, majibu hayajakamilika, kwa hivyo ngoja mpaka isome "Indexing complete" kabla uamue faili imepotea.

Kwa siz tulitoa antivirus moja, tukatoa folda ya filamu kwa indeksi, tukabonyeza Rebuild Jumapili usiku na kuacha mashine ikiwaka. Jumatatu asubuhi kabla afungue mlango aliandika jina la pili la yule msee kwa kiboksi. Zilitokea mbili: "new new 7", na ile ya Jumamosi.